Mbaazi Tulizomnyima Mjukuu Wetu

Kuna mambo ambayo watu wa heshima huona haya kuyataja barazani, na choo cha mtoto ni mojawapo. Wiki hii tutalitaja jambo hilo waziwazi, maana haya hiyo iliigharimu nyumba yetu miezi miwili ya machozi, na aliyelia zaidi ni mtoto asiyejua kujieleza.

Mjukuu wetu alikuwa na umri wa miaka 2 na nusu alipoletwa kwetu, mama yake akiwa amerejea kazini. Tulimpokea kwa furaha na, kama ilivyo ada ya mababu na mabibi, tukampa kila alichokitaka. Naye alitaka maziwa. Asubuhi chupa, adhuhuri chupa, akilala chupa, akiamka usiku chupa. Siku tulipokuja kuhesabu tulipata chupa 5 za mililita 250 kila moja, yaani zaidi ya lita 1 kwa siku. Baina ya chupa na chupa alikula hamri, biskuti na wali mweupe. Mbaazi za nazi ambazo sisi hatufungui kinywa asubuhi bila hizo, yeye aliondolewa sahanini kwa hoja kwamba zitamjaza tumbo upepo.

Baada ya wiki kadhaa tukaanza kumwona akijificha nyuma ya pazia, amesimama kwa ncha za vidole, mapaja ameyabana, uso umemwiva. Tulidhani anajikakamua kutoa haja, kumbe anaizuia. Alikuwa amekwisha kupata choo kimoja kigumu kilichomchana, na mtoto wa umri ule huweka hesabu nyepesi sana: kilichoniumiza jana sitakirudia leo. Zilipita siku 3, kisha 5. Jirani akashauri kipande cha sabuni, tiba ya kale mitaani kwetu, nasi tukakubali. Tangu siku hiyo mtoto akawa akisikia tu mlango wa choo ukifunguliwa, hutimua mbio.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa letu wenyewe. Jioni moja tulikuta mswala wetu umechafuka, na suruali ya mtoto imelowa maji ya kinyesi. Tukamkemea kwa sauti ambayo mpaka leo hatupendi kuikumbuka. Tulimwita mkaidi, mtoto mkubwa asiyejali twahara. Naye hakujibu, alitazama chini tu. Bibi yake akahukumu kwamba tumbo limemharibika, anahara, basi akapikiwa uji wa mchele na ndizi mbichi, papai likakatazwa, na kwa kuwa alikuwa hali vizuri, maziwa yakazidishwa. Yaani kila tulilolifanya kwa mapenzi lilizidi kuufunga mlango uliokwisha kufungwa.

Tulipompeleka zahanati, muuguzi alimlaza, akambonyeza tumbo taratibu upande wa chini kushoto, kisha akatuita tuweke vidole vyetu pale pale. Tulihisi kitu kigumu kama mpira mdogo.

"Maalim, mtoto huyu hahari," akasema. "Amefunga choo. Hicho mnachokiona nguoni ni maji yanayopenya kando ya choo kilichokwama. Wala hayahisi yakitoka."

Akatueleza kwa subira. Kazi moja ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Choo kikikaa humo siku nyingi hukauka na kuwa jiwe. Na pale mwisho wa utumbo panapokaa choo hutanuka kidogo kidogo hata mtoto akapoteza ile ishara ya kumwambia kwamba haja imefika. Hapana ukaidi hapo. Tukamtazama mjukuu wetu, naye alikuwa amejificha katika kanzu yetu, na tukatamani ardhi itufiche sisi.

Tulitaraji kuambiwa mpeni papai, mwende zenu. Haikuwa hivyo, na jambo hili wazazi wengi hulikosea. Choo kikishakwama, chakula peke yake hakikitoi. Kumlisha mtoto nyuzinyuzi nyingi juu ya kizibo ni kumwongezea maumivu. Alipewa kwanza dawa ya maji ya kulainisha choo, kwa kipimo cha uzito wake, na tukaonywa tusiiache siku ya kwanza tu choo kitakapotoka, kwani utumbo uliotanuka huhitaji wiki nyingi, pengine miezi, kurudi ulivyokuwa. Sabuni tukakatazwa kabisa. Tulipouliza juu ya asali, alisema kwa umri wake haina dhara, lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe hata kidogo, maana inaweza kumletea sumu ya kupooza misuli. Nasi tulikuwa tumeona wachanga wangapi wakilambishwa!

Chakula ndicho kinachomlinda asirudi alikotoka, na hapo ndipo mbaazi zetu zilipopata heshima yake. Wataalamu wa lishe wa Marekani hukadiria kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji kama gramu 19 za nyuzinyuzi kwa siku. Gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa, nazo ni nusu kikombe na zaidi kidogo, zina zaidi ya gramu 6. Wali mweupe wa uzito huo huo haufiki hata gramu 1. Dawa tuliyokuwa tukiitafuta kwa majirani ilikuwa mezani kwetu kila asubuhi, nasi tukiisogeza mbali na mkono wa mtoto.

Bibi yake ndiye aliyeishika kazi hii. Alianza kwa vijiko 2 vya mbaazi zilizopondwa, akaongeza siku baada ya siku, kwani zikija kwa pamoja ndipo upepo unapojaa tumboni kweli. Kutoka Marikiti tulileta papai bivu, maembe, viazi vitamu na mchicha. Chungwa alipewa lenyewe, si maji yake, kwa sababu nyuzinyuzi hubaki kwenye nyama ya tunda. Tende 2 zilitolewa kokwa, zikalowekwa usiku, zikakatwa vipande vidogo asije akapaliwa. Chapati zikawa za unga usiokobolewa, jambo ambalo sisi wenyewe tulilinung'unikia. Maziwa yalishushwa hadi kama nusu lita, katika kikombe, na chupa ya usiku ikaondoka. Usiku 3 za mwanzo hakulala mtu nyumbani. Badala yake akapewa maji mara kwa mara, kwa kuwa nyuzinyuzi bila maji hugeuka udongo mkavu.

Kazi ya kumketisha ilikuwa yetu. Tumbo likipata chakula, utumbo mpana nao huamka, hivyo kila baada ya chakula tulimweka kwenye poti kwa dakika 5, miguu yake juu ya kibao ili magoti yapande. Choo chetu cha kuchuchumaa kina mkao mzuri kwa haja, lakini shimo lile humtisha mtoto mdogo. Tulikaa naye tukimhadithia habari za sungura, akitoa asitoe, bila kumkemea. Mara ya kwanza aliuliza, "Babu, itauma?" Hatukuweza kumdanganya. Tulimwambia itauma kidogo leo, na kesho kidogo zaidi ya hapo.

Tuongeze hili kwa wenye watoto: mkiona damu nyingi, kutapika, tumbo limevimba, homa, au mtoto haongezeki uzito, msikae na mapapai nyumbani, mpelekeni kwa daktari. Vivyo hivyo mtoto ambaye tangu kuzaliwa alichelewa kupata choo cha kwanza kupita siku 2.

Wiki ya sita tulikuwa barazani na wageni, mazungumzo mazito, kahawa imekwisha kumiminwa. Mjukuu wetu akatoka mbio ndani, hana suruali, akipaza sauti, "Babu! Imetoka, na haikuuma!" Wageni wakatazamana. Tukawaomba radhi, tukaweka kikombe chini, tukashikana naye mkono kwenda kuona.