Imeachia wapi?

Yaya yangu, fundi wa majengo, aliniletea karatasi ya Kifaransa niitie Kiswahili kwa ajili ya vijana anaofanya nao kazi hapa Kindu. Inahusu kupima jinsi utepe wa nyuzi za kaboni ulivyoshikamana na zege.

Utepe huo hubandikwa kwa gundi ya epoksi kwenye boriti iliyochoka. Daraja la Ibach, karibu na Lucerne, Uswisi, liliimarishwa hivyo mwaka 1991: kilo 6.2 za utepe zilitosha mahali ambapo chuma kingehitaji kilo 175. Kupima ni kazi ya mkono. Unakata duara kupenya utepe mpaka ndani kidogo ya zege, unabandika kisahani cha chuma juu yake, na gundi ikikauka unakivuta wima mpaka kitoke. Kiwango cha chini cha Wamarekani ni megapaskali 1.4, kwa kisahani cha milimita 50 ni kama kukitundikia mzigo wa kilo 280.

Hesabu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni swali la pili la karatasi: imeachia wapi? Kisahani kikitoka na kipande cha zege mgongoni, ni habari njema, maana gundi imelishinda zege. Utepe ukitoka safi, zege ikabaki nzima, gundi haikushika. Kifaransa kinaita yote mawili *rupture*, kisha kinaongeza kivumishi. Yaya alitaka niandike "imeng'oka" kote, kwa kuwa ndivyo vijana wanavyosema. Nilikataa. Daftari lenye "imeng'oka" kila mstari halimwambii mtu kama boriti iliyo juu ya vichwa vya watoto wa shule inashikiliwa na kitu.

Kiswahili chenyewe kina tofauti hiyo, tena kwenye kitenzi. Zege *humeguka*, utepe *hubanduka*. Maumbo yanafanana mwishoni, lakini *banduka* ina mwenzake *bandika*, kama *gandua* na *ganda*. Hubanduka kile tu kilichobandikwa. *Meguka* haina *megika* ya kuitangulia: kinachomeguka kilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo. Wenzangu wa mofolojia wataona kwamba kiambishi kinafanya hapa kazi ya mhandisi.

Nilimwonyesha yaya, akacheka, akasema sawa, weka. Kisha akauliza: kisahani kikiachana na utepe wenyewe, je? Hapo pia kimebanduka, lakini gundi iliyoshindwa ni ya kisahani, na jaribio halijasema lolote kuhusu zege, hurudiwa. Kwa hiyo karatasi sasa ina visanduku vitatu: *imemeguka zege*, *umebanduka utepe*, *kimebanduka kisahani*. Viambishi vya ngeli ndivyo vinavyobeba tofauti kati ya viwili vya mwisho. Kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, ambapo ngeli nyingi hulainika na kila kitu huwa *i-*, sina hakika vitatosha. Nimechora picha ndogo kando ya kila kisanduku.