Bao kwa Njia ya Simu

Leicester, Machi



Baadhi yenu wa nyumbani mliniuliza kama huku watu hucheza, au ni kazi na usingizi tu. Wanacheza, tena sana. Mjini kuna mkahawa ambao rafu zake zimejaa maboksi ya michezo kutoka sakafuni hadi darini. Unalipia kiti, unaagiza chai, unateua boksi, na kijana wa pale huja kukuelekeza kanuni. Wenzangu wa kazini hunialika nami huenda kwa roho safi. Ni watu wema, hucheza kwa makini, na mchezo ukiisha hupeana mikono. Ila kila meza iko kivyake. Hakuna anayesimama nyuma yako akaguna unapotoa karata mbovu, na ukimwambia mtu wa meza ya pili "hapo usile", utakuwa umemvunjia heshima.

Kwetu wanaocheza ndio wachache. Pale Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya isha, dhumna zikishachanganywa na kila mtu kubeba saba zake, muuza kahawa ameshatua dele lake, mzee mmoja anahesabu kwa sauti sita zilizokwisha toka, na mwengine keshamjua aliyeshika sita kwa sita, anamcheka kabla hajabanwa. Kijana hujifunza hapo kwa kusimama, miaka kadhaa, kabla ya kupewa nafasi ya kuketi.

Mimi karata za turufu nilizijua hivyo, nyuma ya bega la ami yangu: kwamba nane, tisa na kumi hutolewa zikabaki karata 40, kwamba ree ni 11 na seti ni 10, kisha mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3 na mzungu wa pili 2, kwamba jozi nzima ina 120, na aliyefika 61 ameshinda. Kwamba Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, hadi leo wanacheza mchezo wa hesabu hizo hizo na kuuita sueca, hilo nililijua hukuhuku, siku jirani yangu Mreno alipogawa karata nikaketi nikacheza bila kuelezwa kitu. Ngome iliwatoka mwaka 1698. Maneno yao ya kopa, shupaza, uru na pau bado yanatajwa Kibokoni kila usiku.

Lakini leo nataka kuwaandikia habari za watazamaji, maana mwaka 2020, wakati wa korona, ndipo nilipoona uzito wao. Mnakumbuka. Amri ya kutotoka usiku ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa. Kisha tarehe 6 Mei, katika kumi la kati, serikali ikaufunga Mji wa Kale: hakuna kuingia wala kutoka, siku 15 za mwanzo, zikaongezwa mpaka Juni. Mabaraza, ambayo mwezi ule ndipo hujaa kutoka tarawehe hadi daku, yakawa matupu. Mama yuko Kibokoni. Dada yangu anakaa Kisauni, ng'ambo tu ya daraja la Nyali. Ghafla mtu wa Kisauni na mtu wa Leicester tukawa mbali na mama sawasawa.

Tukafungua Ludo King kwenye simu, wanne: mpwa wangu aliyekuwa kwa mama, dada wa Kisauni, binamu wa Jeddah na mimi. Nyumbani ilikuwa saa tatu usiku, wenzangu wameshafuturu; kwangu ilikuwa saa moja, jua lingali juu na swaumu imebakisha karibu saa mbili. Siku za mwanzo tulicheza kimya, kila mtu na kioo chake, matangazo ya biashara yakitukatiza. Haikuwa na ladha. Dadu inatupwa na mashine, huioni ikibiringika, na anayeshindwa hana wa kumlaumu wala wa kumpoza.

Kisha mpwa wangu akapiga simu ya kikundi, akaiacha wazi tukicheza. Mara sauti ya mama ikaingia: "Huyo wa kijani mle sasa hivi, yuwaja kuingia nyumbani!" Mama hakuwa anacheza. Alikuwa ameketi kando ya mjukuu wake akitazama. Dada akapiga kelele kwamba kumwelekeza mtoto ni haramu, binamu akacheka mpaka akasahau zamu yake, na kwa mara ya kwanza mwezi ule nikahisi niko nyumbani. Wiki iliyofuata watazamaji walikuwa wengi kuliko wachezaji. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akishuka kwa ngazi za ndani kuja kusikiliza.

Tangu hapo nimepima ni mchezo gani unasafiri na upi hausafiri. Karata na dhumna zina siri. Mkono wako ukionekana mchezo umekufa, kwa hivyo ni lazima programu igawe, na ile ishara ndogo ya jicho kwa mwenzako haipiti kwenye waya. Keram inataka kidole na unga. Naipenda, na kwa bahati njema mji huu una Wagujarati wengi waliotoka Kenya na Uganda. Mzee mmoja aliyekulia Makupa ana ubao wake, hunikaribisha Jumapili, na akimtia malkia mfukoni bila kumfuatishia kete ya pili humrudisha katikati mwenyewe, kabla sijafungua mdomo. Keram ya simu nimeijaribu. Ni picha ya keram.

Bao ndilo linalosafiri. Mashimo 32, kete 64, zote ziko wazi mbele ya wote wawili. Hakuna bahati wala kificho. Mjomba ana ubao wake Kibokoni, nami nina wangu mezani hapa, na kila mmoja huchezesha pande zote mbili. Tukiwa kwenye namua, ile hatua ya kuingiza kete, hatuhitaji maneno mengi. "La tatu kutoka kulia kwangu, nakula, naingilia kichwa cha kushoto." Basi. Namsikia akizimwaga kete zangu kwake, nami nazimwaga hapa, hadi zifike mwisho. Kisha anauliza, "Nyumba yako ina ngapi?" Nasema tisa. Kimya. "Mimi naona nane." Hapo tunarudi nyuma shimo kwa shimo mpaka tuipate ile iliyodondoka. Nyuma yake nasikia sauti za watu wanne wakibishana kama niliona mtaji, yaani nafasi ya kula, au sikuuona, na mmoja wao daima yuko upande wangu. Huyo hujui utamu wake mpaka uwe maili elfu kadhaa kutoka barazani.

Kwa hivyo naomba jambo moja kwenu wenye watoto. Wafundisheni bao sasa, wangali na subira ya kusimama na kutazama. Hata Mholanzi Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kusoma kwa mafundi wa bao, akaandika tasnifu nzima kuhusu ufundi wao katika chuo kikuu cha Leiden mwaka 1995. Naona uchungu kwamba mpwa wangu, mwenye akili ya kupanga ludo hatua kumi mbele, hajui kimbi wala takata, na ubao wa bao uko chumba cha pili. Mjomba, mwite. Mkalishe upande wangu awe mkono wangu. Mimi nitataja shimo, yeye atamwaga.

Mwisho wa mwezi huu saa za huku zinasogezwa mbele, tutatofautiana saa mbili badala ya tatu. Jumamosi nitapiga simu saa nne usiku za kwenu. Na kama kuna anayekuja huku, aniletee komwe. Nimepoteza kete kadhaa nikaziba pengo kwa vifungo vya koti, na vifungo ni vyepesi, mkono unavikataa. Alete za kutosha bao la pili. Yule jirani Mreno ameshaanza kuniuliza kanuni.