Kufunga Mzigo

Kufunga mzigo ni kazi idharauliwayo na kila mtu ambaye hajapata kufika ugenini, akafungua sanduku lake, akakosa kitu alichokihitaji kuliko vyote. Mimi niliidharau kwa muda mrefu. Nilidhani akili ya mtunga programu huonekana katika kuandika tu, na kwamba kupeleka kilichoandikwa ni kazi ya tarishi. Siku chache za mwaka 2011 zilinionyesha kosa langu, na nimeona vema kuzisimulia ili wanaonifuata nyuma wasijikwae palepale.

Mjomba wangu alikuwa karani wa chama cha wakulima wa maziwa katika nyanda za juu. Kila mwisho wa mwezi alikesha na madaftari, akijumlisha lita za kila mkulima na kuzizidisha kwa bei, na mara nyingine jicho lililochoka lilisoma 7 mahali pa 1. Wakulima walinung'unika, naye alihuzunika, kwa kuwa hakuwa mwizi bali mchovu. Nilikuwa nimejifunza kutunga programu kwa lugha ya C, nikamwahidi kwamba kompyuta itamfanyia hesabu ile kwa dakika moja.

Programu, msomaji, huwa na sura mbili. Ya kwanza ni msimbo chanzo, yaani maandishi yasomekayo na binadamu. Ya pili ni tarakimu zinazofahamika na mashine peke yake, na mashine za namna mbalimbali hazifahamu tarakimu zilezile. Anayepeleka msimbo humwachia mpokeaji aufasiri kwa lugha ya mashine yake, na tena humpa nafasi ya kuusoma na kuusahihisha. Kompyuta ya chama haikuwa ya namna moja na yangu, na mwalimu kijana aliyeitunza aliifahamu kazi. Basi nikaamua kupeleka msimbo.

Lakini haifai kuzoa kila kilichomo katika folda ya kazi na kukituma. Humo mna rasimu zilizokataliwa, mna mabaki ya majaribio, na pengine mna siri; katika folda yangu mlikuwa na majina ya wakulima na mapato yao. Kufunga mzigo ni kuchagua. Kwa kazi hii watunga programu wana chombo cha zamani kiitwacho make. Kilitungwa mwaka 1976 na Stuart Feldman katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo kosa lake lilikwisha ondolewa. Faili lililosahihishwa lilikuwa halijafasiriwa upya, basi. Chombo hiki hakina picha wala vitufe vya kubonyeza. Mtu hukiandikia amri kwa maneno, nacho husoma kanuni alizokiwekea, hulinganisha saa ambazo mafaili yalibadilishwa, kisha hufanya yale tu yanayopasa kufanywa. Kanuni zenyewe huweza kuandikwa na chombo kingine, Automake, kwa kufuata orodha ya mafaili iliyotajwa na mtungaji. Mtungaji akiandika make dist, mafaili ya orodha ile hukusanywa na kukazwa yawe kifurushi kimoja, chenye jina la programu na namba ya toleo.

Usiku wa mwisho nilizitoa bei za maziwa katikati ya msimbo, nikaziweka peke yake katika faili dogo, bei.h, ili zibadilishwe kwa urahisi. Nikaijaribu programu, ikaenda sawasawa. Nikaandika make dist, na kifurushi kikatoka bila neno la lawama. Nikakituma kwa barua pepe siku ya Ijumaa, na alfajiri ya Jumamosi nikapanda basi kwenda mahali ambapo simu haikushika mtandao. Njia nzima nilijisifu moyoni.

Mwalimu alikifungua kifurushi Jumapili jioni. Amri ya kwanza, ambayo hukagua kompyuta, ilikubali. Amri ya pili, ambayo hujenga programu, ilikataa, ikasema kwamba bei.h haionekani. Faili lile nililiandika, lakini sikulitaja katika orodha. Nyumbani kwangu kosa lilijificha, maana kila lilipohitajiwa lilikutwa lipo karibu. Ugenini halikuwako.

Jumatatu ilikuwa siku ya malipo, na mwezi ule Mjomba hakukesha, kwa kuniamini. Wakulima walikaa majanini nje ya ofisi tangu asubuhi hata jua likashuka, wakaambiwa warudi Alhamisi. Lilikuwa juma la kufungua shule. Mama mmoja alikuja na binti yake aliyekwisha vaa sare, sanduku la bweni kando yake, wakitumaini kupokea fedha na kupanda gari moja kwa moja. Walirudi nyumbani na sanduku.

Mjomba aliponipata kwa simu Jumanne jioni hakunikaripia. Alisema, "Mpwa wangu, nasikia programu yako ni nzuri. Lakini yule mtoto yuko nyumbani hata Alhamisi, na mimi ndiye niliyemtazama mama yake machoni." Ningalipenda anitukane.

Usiku ule, nikiwa nimekwisha rudi mjini, nilisoma tena maelezo ya Automake, nikakuta amri niliyokuwa nimeipita mara nyingi kama mwenye kiu apitaye kisima. Amri hiyo ni make distcheck. Hiyo haitosheki na kufunga. Hukifunga kifurushi, kisha hukifungua mahali papya kana kwamba kimepokewa na mgeni. Huyakinga mafaili yake yasiguswe, hujenga programu pembeni, huendesha majaribio, huisimika, huiondoa na kutazama kama imeacha taka, na mwisho hujaribu kufunga tena. Nilipoiandika, muda si muda ilisimama, ikalitaja bei.h kwa jina. Nililiongeza katika orodha, nikairudia amri, ikapita. Nilituma kifurushi kipya, wala sikulala mpaka mwalimu aliponijulisha kwamba programu imejengeka kwake. Alhamisi wakulima walilipwa, na hesabu ilikuwa sahihi hata senti ya mwisho. Sikupongezwa na mtu, wala sikustahili.

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mimi nililala ndani ya nyumba yangu siku nyingi mno hata nikaacha kuiona ila yake. Ilinibidi nitoke, nibishe hodi, niingie kama mgeni. Kijana usomaye, iwapo siku moja utaandika programu, au barua, au maelekezo ya dawa kwa mgonjwa, usiseme imekwisha kwa sababu kwako inafaa. Ifungue kwanza mahali ambapo hukuacha kitu chako chochote. Kuna mtu mbali nawe anayengoja, na sanduku lake li kando yake.