Kombi Inayolipua, Kinondoni hadi Temeke

Fundi alikataa katakata kuifungua injini pale Kinondoni. Alizunguka nyuma ya Kombi yangu ya mwaka 1969, akafuta mikono kwa tambara, akauliza: "Inalipukia wapi, kwenye kabureta au kwenye bomba la moshi?" Nikamwambia mimi nakaa mbele na injini iko nyuma, katikati kuna kitanda, jiko na masufuria yanayogongana, kwa hiyo siwezi kujua.

"Basi twende Temeke, kuna mchomeleaji namwamini. Wewe endesha, mimi nitakaa na mgonjwa." Akapanda, akalala kifudifudi kitandani, juu kabisa ya injini.

Tukashika Barabara ya Kawawa. Kwenye mteremko wa Mkwajuni nikaachia mafuta nikiwa gia ya tatu. Ukatoka mshindo, ukafuata mwingine. Abiria kwenye kituo cha mwendokasi wakageuka wote, na bodaboda mmoja akainamia usukani kama aliyesikia bunduki.

"Bomba hilo!" fundi akapaza sauti. "Kabureta usiiguse."

Akanieleza huku tukisogea kwenye foleni ya Magomeni. Ukiachia mafuta ghafla, petroli iliyomo kwenye silinda haiungui vizuri, nyingine inatoka mbichi. Bomba likiwa zima, inapita kimyakimya. Likiwa na ufa au gasketi iliyokufa, hewa ya nje inaingia, inakutana na petroli hiyo na joto, ndipo linalipuka. Mlipuko wa kwenye kabureta ni ugonjwa mwingine: mafuta kuwa machache kuliko hewa, vali ya kuingiza isiyofunga, moto wa plagi kuwahi, au nyaya za plagi kupishana. Kwenye Kombi silinda zinawaka kwa mpangilio wa 1-4-3-2, na fundi mwenye haraka huzirudisha nyaya kimakosa.

Tulipovuka Bonde la Msimbazi pale Kigogo na kuanza kupanda kuelekea Ilala, akaniamuru nikanyage. Injini ikavuta bila kukohoa. "Umeona? Ikibeba mzigo hailalamiki. Tumeokoa hela ya kabureta."

Kwenye taa za Barabara ya Nyerere, tukisubiri kuingia Chang'ombe, alishuka akaweka kiganja nyuma ya bomba. Moshi ulikuwa unampiga mkononi pu, pu, pu, halafu unaruka pigo moja. Akarudi ndani amenuna. Ufa peke yake hauwezi kufanya pigo liruke. Kuna silinda haifanyi kazi yake.

Gereji ya Temeke haikuwa na kompyuta. Fundi alichukua koleo yenye mpira, akachomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine injini ikiunguruma. Kila alipochomoa, mngurumo uliyumba. Alipochomoa wa silinda ya tatu, haukubadilika hata kidogo. Katika Kombi za kabla ya mwaka 1971, silinda hiyo hupozwa na hewa iliyokwisha kupashwa moto na kipoza oili, kwa hiyo vali yake ya kutolea moshi huungua mapema kuliko nyingine. Nafasi ndogo kati ya vali na kipande kinachoisukuma ikishaisha, vali haifungi sawasawa, na petroli mbichi inavujia kwenye bomba.

Mchomeleaji aliziba ufa, gasketi zikabadilishwa. Vali ikabidi isubiri, kwa sababu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, na kwa joto la Temeke hilo ni jambo la asubuhi. Nililala humo humo ndani ya gari, uani mwa gereji. Kulipopambazuka fundi aliingiza fila (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.15 kwenye vali ile: haikupita. Akalegeza nati, akarekebisha, ikapita kwa kukwaruza kidogo tu.

Tukaijaribu Barabara ya Kilwa, mteremko wa Mtoni. Nikaachia mafuta. Kimya.

"Usishangilie," akasema. "Vali iliyokwisha kuungua inaweza kurudi kuharibika. Ipime tena baada ya kilomita 500. Na ukimwendea fundi yeyote, usimwambie gari inalipua tu. Mwambie inalipukia wapi na ukiwa unafanya nini, la sivyo atakuuzia kifaa anachokijua yeye."