Cherehani ya Marehemu Baba

Marehemu baba yangu alikuwa mshona viatu Ujiji. Urithi alioniachia ni cherehani moja ya Singer 29K, nyeusi, nzito, yenye mkono mrefu mwembamba unaoingia hata ndani ya kiatu. Kiguu chake kinachobana ngozi huzunguka pande zote, basi fundi hushona mbele, nyuma, kulia au kushoto bila ya kukigeuza kiatu. Herufi K ni alama ya Kilbowie, kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 kikafungwa mwaka 1980.

Kwa miaka mingi niliiweka sebuleni kuwa pambo. Niliipangusa vumbi, nikaitia mafuta, nikawaonyesha wageni. Nilijua kuwa Uingereza na Marekani wako watu wazipendao mno mashine za namna hii: huisoma namba iliyopigwa katika chuma wakajua umri wake, tena hutafuta vipuri vya kale kwa subira kubwa. Nami nilijihesabu kuwa mmoja wao.

Siku moja alinijia mzee mmoja, mwenzi wa baba katika kazi. Hakuisifu cherehani. Alilizungusha gurudumu kwa kiganja, akasikiliza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, imekukosea nini hata ukaifunga?" Nilitaka kucheka, nisiweze.

Usiku ule niliikumbuka meli ya Liemba, ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua habari yake. Wajerumani waliipaka mitambo yake grisi, wakaizamisha ziwani mwaka 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Grisi iliikinga na kutu, lakini haikuipa uhai. Uhai wake ulirudi ilipoanza kubeba abiria na mizigo.

Asubuhi nilimpelekea mzee cherehani. Sasa imo barazani kwake, na kijana anayejifunza kazi huitumia kutwa. Rangi yake inachubuka, na maandishi yake ya dhahabu yanafutika. Nikiyatazama moyo huniuma. Lakini juzi nilipopeleka viatu vyangu niliusikia tena mlio uliokuwa ukinilaza usingizi utotoni. Nilikuwa nimekihifadhi chuma cha baba, nikainyamazisha sauti yake. Mapenzi ya chombo cha kazi ni kukiacha kifanye kazi, ingawa kazi ndiyo itakayokimaliza.