Jiwe la Magadi na Jina Lake



Mjukuu wangu anasoma elimu ya mawe chuo kikuu. Siku ya Idi, hapa Izki, wakubwa wote wamekaa barazani, akaniuliza: "Babu, kweli kuna madini yanaitwa nyerereiti?" Baraza zima kimya. Sina haja ya kueleza kwa nini. Kila nyumba inayosoma kitabu hiki ina habari zake za 1964. Ami yangu akasema taratibu, "Maneno gani hayo ya kumfundisha mtoto?"

Mimi nimesomesha miaka mingi, na swali la mwanafunzi silirudishi mlangoni. Madini hayo yapo. Yanatoka Ol Doinyo Lengai, mlima wa moto ulioko kaskazini ya Tanzania, karibu na ziwa Natron. Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Milima mingine mingi hutapika mawe yaliyoyeyuka kwa joto la nyuzi elfu moja na zaidi. Huu hutapika kitu cha ukoo wa magadi, yale yale bibi zetu waliyotia katika maharage yalainike, kwa nyuzi baina ya 500 na 600 tu. Hutoka cheusi, chepesi kama mafuta, na usiku wekundu wake ni hafifu. Kisha unyevu wa hewa, mvua, na mvuke utokao katika nyufa za shimo huyageuza; baada ya siku chache meusi yamekuwa meupe. Mwingereza J. B. Dawson aliyaona yakitiririka 1960, akaandika habari zake 1962, na wataalamu wengi hawakuwa wametazamia mlima kutoa kitu kama hicho.

Kuyatambua ni kazi nyingine. Jiwe husagwa, hupimwa lina nini ndani (hili lina sodiamu, kalsiamu na kaboneti), hupigwa miale ya eksirei kujua chembe zake zimepangwaje, hulinganishwa na yote yanayojulikana. Kisha jina hupelekwa mbele ya kamati ya kimataifa, wajumbe wakapiga kura. Na sampuli yake lazima ifungwe isiingie hewa, ama sivyo mwenye kabati atafungua akute unga wa madini mengine.

Jina la nyerereiti lilikubaliwa 1963. Tazameni mwaka huo. Mapinduzi yalikuwa hayajatokea, wala muungano. Tanganyika ilikuwa nchi mbali na Zanzibar mbali. Nilimweleza ami hivyo, akauliza kama haliwezi kufutwa. Nikamwambia madini si barabara, hayabadilishwi jina kila serikali ikibadilika. Hakuridhika, na sikumlazimisha. Aliyoyaona yeye sikuyaona mimi, nilikuwa mtoto. Lakini binti sitamwambia alitaje kwa kunong'ona. Katika mtihani ataandika herufi zote.

Sasa anataka kusoma milima yetu hii. Mawe yake yalikuwa chini ya bahari zamani, na pahala pengine maji hutoka yakiacha ukoko mweupe juu ya changarawe. Atakuja msimu wa baridi, inshallah. Ndugu wa Samail, Nizwa na Ibra, mwenye kujua chemchemi za namna hiyo, hasa zile ambazo mbuzi hawataki kunywa, tafadhali atuarifu. Gari ninayo, na njia za mabonde nazifahamu.