Mikono ya Kina Bibi

Fiziotherapia niliisomea hospitali ya KCMC, Moshi, lakini nilifundwa Masasi, kusini, na walionifunda ni wazazi waliojifungua kwa operesheni.

Walikuja na kilio kilekile: mshono unavuta wakisimama wima, tumbo la chini lina ganzi, na mahali pengine panachoma hata kanga ikigusa tu. Wengine walitembea wameinama. Waliotoka Newala walikuwa na la ziada, maana kule juu mlimani maji yalikuwa ya shida, na aliyezoea kupanda mlima na ndoo kichwani hakupewa muda mrefu wa kuuguza tumbo.

Kisu hakikati ngozi peke yake. Kinapita mafuta, kinapita utando mgumu unaoshikilia misuli, kinafika kwenye kizazi. Tabaka hizo zikipona huweza kushikana, na hapo ndipo mvuto unapoanzia. Ganzi nayo ni ya mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa, ambayo huweza kuchukua miezi kuamka.

Nyumbani wazazi hawa walikuwa wanakandwa na kina bibi: maji ya moto, kitambaa, tumbo likaminywa siku chache baada ya kutoka wodini. Niliona ngozi iliyobabuka na mishono iliyoachia. Baadhi ya wenzangu walitaka tuwakataze kina bibi kabisa. Nilipinga. Mzazi akitoka kwetu anarudi kwa bibi, na mikono iliyokanda wazazi wa kijiji kizima ina utulivu ambao chuo hakikunipa. Ilichohitaji ni kujua wakati na mahali.

Nikawa namwambia mzazi aje na anayemkanda. "Shikamoo, bibi," kisha namwomba anioneshe anavyofanya. Tunaafikiana: mshono mbichi haukandwi wala haupitishiwi maji ya moto. Wiki za mwanzo ni kutembea taratibu, kuvuta pumzi hadi tumboni, na kushikilia tumbo kwa mto ukikohoa. Baada ya wiki 6 hadi 8, kidonda kimefunga na daktari ameridhia, vidole vinaanza.

Mzazi analala chali, magoti ameyakunja. Mafuta ya nazi kidogo. Tunaanza pembeni, kisha juu ya kovu lenyewe: ngozi inasukumwa juu na chini, kulia na kushoto, kwa duara, halafu inainuliwa polepole kwa vidole viwili. Dakika 5 kwa siku zinatosha. Panapochoma tunapapasa kwanza kwa pamba, baadaye kwa kanga. Pakiwa na joto, wekundu au usaha, ni kurudi hospitali.

Bibi mmoja wa Kitangali alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, na yeye mwenyewe mbona haligusi kovu lake?" Kweli, mzazi, aliyekuwa mkwe wake, alikuwa ameugeukia ukuta muda wote. Tangu hapo nikahakikisha mkono wa kwanza juu ya kovu ni wa mwenye kovu, kwa sababu woga nao hukaza tumbo.

Sikumwahidi yeyote kwamba alama itafutika. Niliwaambia tutatafuta kusimama wima bila kuvutwa, na wengi walifika huko. Kwa vijana wanaoanza kazi hii kusini nina neno moja: ukimpokea mzazi, uliza kwanza nani anamkanda, umwite naye.